Msumeno wa kona wa mtumba: kagua shingo kabla ya kusikiliza mota

Mnunuzi akifika kuangalia msumeno wa kona wa mtumba, ile mashine ya umeme ya kukatia mbao kwa pembe, jambo la kwanza analoomba ni uwashwe. Ukinguruma vizuri anatabasamu, na muuzaji anajua nusu ya biashara imeshakwisha. Lakini mota ndiyo sehemu inayotengenezeka kirahisi kuliko zote. Kaboni (vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) hubadilishwa, beringi hubadilishwa, na amecha, yaani hiyo sehemu ya mota inayozunguka, hupatikana au husukwa upya. Shingo, yaani ile bawaba na pini yake ambapo mkono wa mashine hupandia na kushukia, ikishaliwa haina dawa ya bei nafuu. Mashine yenye shingo iliyolegea itakata mbao kwa miaka mingine kumi, ila haitakupa kona ya 45 inayofunga. Na kona inayofunga ndiyo sababu ya kununua mashine hii badala ya kubaki na msumeno wa mkono.

Kwa hiyo ukaguzi unaoelezwa hapa unaanza na vipimo vya mbao na kibati cha mashine (kile kibao kidogo chenye volti, wati na modeli), unapita kwenye chuma, na kuishia kwenye mota. Tenga saa moja. Muuzaji asiyekupa saa moja, wala umeme wa kujaribia, ameshakujibu.

Pima mbao zako kwanza

Kosa la kawaida linatokea kabla hata ya kuiona mashine. Misumeno mingi ya bledi ya 255 mm isiyo na reli za kuteleza huishia kukata upana wa karibu 130 au 140 mm kwa pembe ya 90, na chini ya 100 mm kwa pembe ya 45. Nyingi zimebuniwa kwa masoko ambako mbao inayoitwa "mbili kwa sita" imesharandwa na kubaki kama 140 mm. Mbao ghafi ya mninga au mkongo inayouzwa huku kwetu kwa jina hilohilo inaweza kuwa 150 mm kamili, au zaidi kidogo. Matokeo yake fundi wa fremu za milango anakata, anageuza mbao, anakata tena, na kila mara kunabaki kingazi kidogo katikati ambacho lazima kirandwe.

Kama kazi yako kubwa ni fremu za milango na madirisha za inchi 5 na 6, tafuta mashine ya bledi ya 305 mm, ambayo bila reli hufika karibu 200 mm, au yenye reli. Msumeno mdogo wa reli wa bledi ya 216 mm hukata upana wa karibu 300 mm, lakini kina chake ni kama 65 hadi 70 mm tu. Mbao ya inchi 2 unapita bila shida. Mguu wa kitanda wa inchi 3 haupiti kwa mkato mmoja. Wanaotengeneza vitanda na meza, kama mafundi wa Keko, Dar es Salaam, hapo ndipo hujuta.

Na kama unakata zaidi ubao mpana, plaiwudi na MDF, weka pesa mfukoni. Hiyo si kazi ya mashine hii. Msumeno wa duara wa mkononi ukiongozwa na rula ndefu utakusaidia zaidi kwa bei ndogo.

Soma kibati cha mashine kabla ya kuuliza bei

Umeme wetu ni volti 230 Tanzania na 240 Kenya, zote hezi 50. Mashine zinazoingia na makontena zimetoka kila mahali: Japani hutumia volti 100, Marekani 120, na maeneo ya ujenzi ya Uingereza hutumia volti 110 zenye plagi ya njano yenye pini nene za duara. Muuzaji akishakata plagi na kufunga ya pini tatu ya kawaida, kibati ndicho kinachobaki kusema ukweli. Kama kibati kimekwanguliwa au kimebanduliwa, usiichomeke kwa majaribio. Mashine ya volti 100 ikichomekwa kwenye 230 haihitaji dakika kuungua.

Hezi hazina shida. Karibu misumeno hii yote ina mota ya kaboni, nayo haijali 50 au 60. Kinachojalisha ni volti.

Je, ununue ya volti 110 na transfoma? Inawezekana, ila piga hesabu yote. Mashine ya wati 1,650 kwenye volti 230 huvuta karibu ampea 7, lakini kwenye 110 huvuta ampea 15. Hapo unahitaji transfoma ya 3.3 kVA, ile nzito ya kazi za ujenzi. Vile vibox vidogo vilivyoandikwa "3000W" vya kuchomekea redio na blenda havifai, kwani vingi haviwezi kuhimili hata nusu ya namba hiyo kwa muda mrefu. Ile ya Japani ya volti 100 inataka transfoma ya 100. Ukiipa 110 itafanya kazi, lakini itazunguka kasi zaidi na kupata joto kuliko ilivyopangiwa. Ongeza bei ya transfoma kwenye bei ya mashine, ongeza na usumbufu wa kuibeba kwenda kwa mteja. Mara nyingi ile "bei ya kutupa" inayeyuka papo hapo. Volti 110 inaeleweka tu kwa karakana ambayo tayari ina transfoma ya namna hiyo ukutani.

Jambo lingine kwenye kibati ni herufi S1 na S6. Mashine za bei nafuu hutangaza wati kubwa, kisha pembeni pameandikwa "S6 25%". Maana yake, katika kila dakika 10 wati hizo ni za dakika 2 na nusu tu za kubeba mzigo, na zilizobaki izunguke bila kukata. Namba ya S1 ndiyo ya kazi mfululizo. Mashine mpya ya wati 1,800 S6 inaweza kuwa dhaifu kuliko ya zamani ya wati 1,500 isiyojisifu.

Nakili namba ya modeli na namba ya mfululizo (serial number), kisha kabla ya kupatana bei pigia simu maduka mawili ya vipuri. Uliza vitu vitatu: kaboni, swichi na amecha ya volti hiyo. Kaboni zitapatikana. Amecha na swichi zisipopatikana, bei ishuke, maana mashine hiyo ikifa inageuka skrapa.

Ilikuwa inakata nini?

Misumeno mingi ya mtumba iliyotumika hapa hapa nchini imetoka kwa mafundi wa aluminiamu. Si kosa, ni kazi halali ya mashine hii ikiwa na bledi yake. Lakini chembe za aluminiamu hupitisha umeme, na feni ya mota huzivuta ndani. Zinakaa kwenye waya wa fildi (koili za mota zisizozunguka) na kwenye shaba ya amecha, zikisubiri siku ya kufanya shoti. Pia zinaingia kwenye reli na kwenye bawaba, zikichanganyika na grisi kuwa kama msasa.

Waliopuliza na kufuta huwa hawafiki kila mahali. Chukua tochi uangalie ndani ya matundu ya hewa ya mota, ndani ya kinga ya juu ya bledi, na chini ya meza kwenye mhimili wa kuzungukia. Chembe zinazong'aa kama vumbi la fedha zinaeleza yote. Vumbi la mbao lililoganda rangi ya kahawia ni habari njema kuliko usafi wa kupindukia.

Mbaya kuliko aluminiamu ni chuma. Wapo wanaofunga jiwe la kukatia chuma kwenye msumeno wa kona wa mbao, jambo ambalo halipaswi kufanywa kabisa: kinga ni ya plastiki, cheche zinaangukia vumbi la mbao, na unga wa jiwe unakula beringi. Dalili ni kinga ya chini iliyotobolewa vidoti vya kuungua, meza yenye madoa meusi na vumbi la kutu kwenye pembe. Ukiona hivyo ondoka, hata kama mota inaimba.

Vya kubeba

Beba skwea ya chuma unayoiamini na rula ya chuma ya 300 mm au zaidi, karatasi kadhaa za A4 za kawaida (karatasi moja ina unene wa karibu 0.1 mm, kwa hiyo ni kipimo cha bure), tochi, malta ya kupimia umeme, ufunguo wa alen, na vipande viwili vya mbao. Kimoja kiwe cha upana wa 120 mm, kilichorandwa pande zote na kingo zake ziwe sambamba. Kingine kiwe cha mbao ngumu ya inchi 2 kwa 4, urefu wa mita moja hivi. Bora zaidi ukibeba bledi yako nzuri yenye tundu linalolingana. Bledi butu ya muuzaji itakufanya uilaumu mashine bure, na bledi mpya aliyoifunga asubuhi itakuficha mambo.

Shingo, meza na ukingo

Plagi iwe nje ya soketi. Shusha mkono hadi katikati, ushike mpini kwa nguvu ndogo ya vidole viwili, usukume kushoto na kulia huku ukilinganisha meno ya bledi na mpasuo wa meza. Kutikisika kidogo sana kupo hata kwenye mashine mpya. Meno yakihama kwa 1 mm au zaidi kwa msukumo mdogo kama huo, pini ya shingo au tundu lake limeliwa. Tazama nati ya pini: kwenye baadhi ya mashine inaweza kukazwa kidogo na mchezo ukaisha. Muombe muuzaji aikaze mbele yako. Ikikazwa hadi mkono unakuwa mzito kupanda lakini bado unayumba, tatizo liko kwenye aluminiamu ya tundu lenyewe.

Kwa mashine ya reli, vuta mkono hadi mwisho wa reli, kisha rudia jaribio lilelile. Mchezo utakuwa mkubwa zaidi kuliko ulipokuwa karibu, hilo ni la kawaida. Unachotafuta ni mlio wa "klak" na mruko. Telezesha taratibu toka mwanzo hadi mwisho. Pakiwa na sehemu moja nzito, reli imepinda au beringi zake zina tope. Mashine iliyoanguka toka kwenye bodaboda huonyesha hapo.

Meza: laza rula ya chuma upande mmoja hadi mwingine, kisha kimshazari, ukijaribu kupenyeza karatasi chini yake. Karatasi moja kupita si ugomvi. Tatu zikipita, meza imepinda, na hakuna fundi wa kuichonga kwa bei inayoingia akilini. Angalia nyufa kuzunguka mhimili wa katikati na kwenye matundu ya boliti za miguu. Mtu akiibeba mashine kwa kushika meza upande mmoja, au akiikaza kwenye benchi lisilo sawa, aluminiamu hupasuka hapo.

Ukingo, ule ukuta wa nyuma wa kuegemezea mbao, una pande mbili, kushoto na kulia kwa bledi. Ziwe kwenye mstari mmoja. Weka rula ivuke zote mbili. Upande mmoja ukiwa nyuma kwa karatasi tano, yaani nusu milimita, kila mkato utategemea umeegemeza mbao upande gani. Mara nyingi ukingo hulegezwa kwa boliti na kunyooshwa, kwa hiyo hili ni la kupunguzia bei tu. Uliopinda kwa kugongwa hunyooshwa kwa shida.

Kisha ule mfumo wa kuganda kwenye pembe. Zungusha meza hadi 0, yaani mkato mnyoofu wa 90, uisikie ikiingia kwenye pengo lake, halafu bila kukaza kufuli jaribu kuitikisa. Mapengo ya 0 na 45 ndiyo yanayotumika kila siku, na ndiyo yanayoisha kwanza. Mashine nyingi zenye pengo la 0 lililochakaa zina pengo la 22.5 lililo kama jipya. Linganisha hayo mawili utahisi tofauti mkononi.

Mkato wa majaribio ndio hakimu

Weka pembe kwenye 0 na bledi wima. Chukua mbao ya 120 mm, chora alama ya X upande wa juu, kila upande wa mstari wa mkato, kisha kata. Sasa geuza kipande kimoja juu chini, X iangalie meza, na uegemeze vipande vyote viwili kwenye kitu kilichonyooka huku ncha zilizokatwa zikigusana. Mkato ukiwa sawa hakuna ufa. Ukiwepo, ufa huo ni mara mbili ya kosa la mashine. Ufa unaofunguka kwa upana wa mbao ni kosa la pembe ya meza. Ufa unaoonekana kwa unene, juu umegusa chini pako wazi au kinyume chake, ni kosa la mlalo wa bledi.

Ufa wa 1 mm kwenye mbao ya 120 mm maana yake kosa ni nusu milimita, sawa na karibu robo ya digrii. Inasikika ndogo. Lakini fremu ya picha au ya kioo ina mikato minane ya 45, na robo digrii mara nane ni digrii mbili. Kwa mbao ya upana wa 70 mm, mstari wa kona una urefu wa karibu 99 mm, na ufa wa kona ya mwisho unafikia milimita 3 na nusu. Hakuna gundi ya kuficha hapo, labda unga wa randa na maombi.

Hata hivyo kosa lenyewe halitoshi kuikataa mashine. Karibu mashine yoyote iliyosafirishwa imetoka kwenye mstari, na skrubu za kurekebishia zipo. Swali la maana ni hili: je, kosa ni lilelile kila mara? Zungusha meza hadi 45 kushoto, irudishe 0, kata. Zungusha hadi 45 kulia, irudishe 0, kata. Fanya mara tatu kila upande, ukiandika kwenye kila kipande kilikotoka, na pima kila jozi kwa kugeuza kama mwanzo. Makosa yakifanana yote, hata yakiwa makubwa, hiyo ni mashine ya kurekebisha kwa dakika ishirini na ufunguo wa alen. Yanayotoka kushoto yakitofautiana na yanayotoka kulia, pengo la 0 limeliwa. Yakibadilika ovyo bila mpangilio, ni shingo au beringi za shafti. Hizo mbili za mwisho hazirekebishiki kwa skrubu, na hapo ndipo wengi hudanganywa kwa maneno "utaset tu".

Ukiona uso wa mkato una mistari ya mviringo, shuku kuyumba kwa bledi. Chomoa plagi, weka ncha ya penseli iliyobanwa karibu kabisa na mwili wa bledi, uizungushe kwa mkono. Pakiwa na mahali bledi inasogea kwa zaidi ya karatasi mbili, fungua bledi, izungushe nusu duara kwenye shafti, funga, pima tena. Sehemu iliyojitokeza ikihama pamoja na bledi, bledi ndiyo iliyopinda. Ikibaki palepale kwenye shafti, ni flenji chafu (zile sahani zinazobana bledi) au shafti iliyopinda. Futa flenji kwanza kabla ya kuhukumu. Utomvu mkavu peke yake hufanya hivyo. Na kumbuka boliti ya bledi kwenye karibu mashine zote hizi ina nyuzi za kinyume, inafunguka kwa kuzungusha upande wa mshale wa saa. Boliti yenye kichwa kilichomomonyoka inaonyesha mwenyewe hakulijua hilo.

Sasa ndiyo mota

Gusa mota kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, imepashwa ili ikuwakie vizuri, subiri ipoe. Plagi ikiwa nje, pima kwa malta kati ya pini mbili za umeme huku ukibonyeza swichi: mota ya volti 230 ya ukubwa huu huonyesha omu chache tu. Zungusha bledi polepole kwa mkono. Namba itachezacheza kidogo, lakini ikikatika kabisa kwenye sehemu moja ya mzunguko, kuna waya uliokatika kwenye amecha au kaboni haigusi. (Mashine yenye kifaa cha kuwaka taratibu haitakupa jibu hapa.) Kisha pima kati ya kila pini ya umeme na chuma cha mashine, malta isionyeshe njia yoyote. Ikionyesha, mashine inaweza kumrusha mtu.

Kaboni hutolewa kwa kufungua vifuniko viwili vya plastiki pembeni mwa mota. Nyingi zina mstari wa kikomo. Zikifika hapo, au zikibaki kama 5 mm, bei yake itoke kwa muuzaji. Kaboni mpya kabisa kwenye mashine iliyochakaa isikufurahishe. Chungulia tundu lake uione shaba ya amecha: rangi ya kahawia iliyolainika ni afya, vipande vyeusi vilivyoungua au mfereji uliochimbika ni amecha inayoelekea kaburini, na kaboni mpya zimewekwa kupunguza kelele za cheche hadi uondoke.

Washa. Cheche ndogo za bluu chini ya kaboni ni za kawaida. Duara la moto linaloizunguka shaba si la kawaida. Zima na usikilize inavyopungua kasi, kwani bila umeme mota hainyamazishi kitu: mkwaruzo ni beringi, mlio wa kugongana ni gia. Beringi mbili si gharama kubwa. Gia iliyovunjika meno ni habari nyingine, kwa sababu ni ya modeli hiyo tu.

Halafu mzigo. Kata vipande kumi mfululizo kwenye ile mbao ngumu ya 2 kwa 4. Mashine nzima itapata uvuguvugu. Harufu ya vanishi iliyoungua, moshi toka matundu ya hewa au mota inayozama katikati ya mkato na bledi nzuri ni sababu za kufunga mjadala. Ila hakikisha kwanza kwamba haijaribiwi kwa waya mwembamba wa mita 30 uliozungushiwa kwenye gurudumu. Waya wa 2.5 mm², uliokunjuliwa wote, ndio wa kujaribia kwa haki.

Kinga na breki

Kinga ya chini ifunguke yenyewe mkono ukishuka na irudi yenyewe haraka ukipanda. Iliyofungwa kwa waya, au isiyokuwepo, irudishwe kabla ya bei kuzungumzwa, na si wewe wa kuitafuta. Breki ya umeme, kwa mashine iliyo nayo, husimamisha bledi ndani ya sekunde chache baada ya kuachia swichi. Isiposhika, mara nyingi ni kaboni zimeisha, wakati mwingine swichi. Badilisha kaboni kwanza.

Tundu la bledi

Mashine za Ulaya za 255 mm hutumia tundu la 30 mm, nyingi za Asia 25.4 mm, na za Marekani za inchi 10 hutumia 15.88 mm. Bledi yenye tundu kubwa huvalishwa pete ya kupunguza. Yenye tundu dogo haipanuliwi, hata fundi wa mashine akikuahidi kuitoboa katikati barabara. Pete iingie kwa kubana na isiwe nene kuliko mwili wa bledi, vinginevyo flenji hubana pete badala ya bledi.

Kwa fremu na fanicha chukua bledi ya meno 60 hadi 80, ambayo meno yake yamelala nyuma au yamesimama karibu wima. Bledi ya msumeno wa meza yenye meno yaliyoinamia mbele hujivuta na kuipanda mbao, hasa kwenye mashine ya reli. Ile ya meno 24 inayokuja bure na mashine ni ya kukatia mbao za kenchi.

Bei

Anza na bei ya dukani ya mashine mpya ya daraja hilohilo, iliyopo kwenye soko lako. Mtumba uliofaulu kila jaribio hapo juu usizidi kama asilimia 60 ya bei hiyo. Kwa namba za mfano tu: mpya ni shilingi za Tanzania 1,200,000, dari yako ni 720,000. Toa bledi nzuri 80,000, kaboni 20,000, beringi na kazi ya fundi 50,000. Unabaki na 570,000, na hapo ndipo unapoanzia kupatana, si unapoishia. Shingo iliyolegea au pengo la 0 lililoliwa halikatwi bei. Linamaliza safari, isipokuwa unataka mashine ya kukatia mbao za zege na za kenchi ambako milimita mbili si kesi.

Swali linalokuja mara kwa mara ni mtumba wa kampuni kubwa dhidi ya mashine mpya ya bei ileile isiyo na jina. Shingo ikiwa imara na vipuri vipo mjini, chukua mtumba. Meza nzito na shingo pana vya mashine ya kazi havipatikani kwenye mpya ya bei rahisi. Lakini kama una mkataba wa milango arobaini na tarehe ya kukabidhi, na huna mashine ya akiba, nunua mpya yenye dhamana. Jihadhari pia na mpya zenye jina kubwa kwa bei ndogo ajabu: bandia nyingi hujulikana kwa wepesi wake, herufi za kibati zilizoyumba, na namba ya mfululizo inayofanana kwenye mashine mbili za rafu moja.

Kwa muuzaji binafsi, andikishaneni: modeli, namba ya mfululizo, tarehe, bei, sahihi na nakala ya kitambulisho. Dukani dai risiti. Zana za ujenzi huibwa sana, na kupokea mali ya wizi ukijua au ukiwa na sababu ya kuamini ni ya wizi ni kosa la jinai, hata kama umelipa bei nzuri. Muuzaji anayegoma kuandika namba ya mfululizo arudi na mashine yake.

Ukiifikisha karakanani, usiikaze kwenye benchi siku hiyo. Ipulize kwa hewa toka upande wa feni, safisha flenji na mhimili, funga bledi, rekebisha ukingo kwa skwea dhidi ya mwili wa bledi na si dhidi ya meno yake, kisha mlalo, na mwisho mshale wa kipimo. Kata ile mbao ya 120 mm tena na ugeuze. Ikifunga, kaza boliti nne za miguu kwa zamu na ukate mara nyingine, maana benchi lisilo sawa huipinda meza palepale, na vipimo vyote ulivyofanya vinaanza upya.